Nyumba Yenye Mtu Asiyelala

Maneno ya mwisho ambayo Mama Somoe aliniambia uso kwa uso yalikuwa haya: "Mwalimu, ukioga usimalize maji, kuna watu nyuma yako." Alikuwa amesimama uani, kanga moja kiunoni na nyingine begani, ameshika ungo wa mbaazi, na alikuwa anacheka. Baada ya hapo aliishi miaka mingi. Alizeeka, meno yakamtoka, macho yakaingia ukungu, tukakutana kwenye misiba na sherehe zisizohesabika, na hakuniambia tena neno hata moja. Wiki iliyopita Somoe, binti yake, alinipigia simu asubuhi kutoka Newala. Alisema, "Mama ameondoka." Nilikuwa Masasi, nimesimama barazani na kikombe cha chai, nikitazama yale majabali nyuma ya mji, na kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa huzuni. Yalikuwa yale maji. Nilijiuliza, kama ambavyo nimejiuliza mara nyingi, ingekuwaje kama siku ile ningemsikiliza nikayabakiza.

Nilipanda Newala mwezi wa Januari, zama za ruksa zilipokuwa zimeshakolea. Serikali ilikuwa imeacha kuajiri, na sisi tuliotoka chuo kikuu tulizunguka na vyeti vyetu kama wachuuzi wa kitu ambacho hakuna anayekihitaji. Wazazi wa kule walikuwa wamejijengea shule ya sekondari kwa korosho zao wenyewe, wakawa wanatafuta mwalimu wa historia ambaye angevumilia mshahara wa kuja ukipenda. Nikavumilia. Nilitafutiwa chumba kwa Mama Somoe, mjane mwenye nyumba ya udongo iliyoezekwa bati na shamba la mikorosho nje kidogo ya mji. Chumba changu kilipakana na stoo aliyowekea salfa, ule unga wa njano wanaoupulizia mikorosho inapotoa maua, na kila nilichokuwa nacho, mto, madaftari, hata mkate, kilinuka kama kiberiti kilichowashwa sasa hivi. Kuta za ndani hazikufika juu. Zilisimama kiasi cha kichwa cha mtu mrefu, kisha uwazi, kisha mabati, kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa kama sikio moja. Mtu akikohoa chumba cha mwisho, aliyeko sebuleni alimwambia pole.

Mimi ni mtu ambaye siwezi kuachia jambo lipite. Mwanafunzi akicheka nyuma ya darasa, natafuta kwanza kosa kwenye shati langu, halafu kwenye maneno yangu, halafu najiuliza kama ameambiwa kitu na mtu anayenifahamu tangu chuoni. Maana chuoni kilikuwapo cha kuambiwa. Mwaka wa pili, karibu na mitihani, nilikaa siku nyingi bila usingizi mpaka nikaanza kuamini kwamba wenzangu wa bwenini wanakubaliana juu yangu kwa namna wanavyopanga viatu mlangoni. Nilirudishwa nyumbani, nikalazwa, nikapewa vidonge, nikapona kiasi cha kurudi kumaliza masomo. Kwa watu tulisema malaria imepanda kichwani, na kwa kuwa malaria ni ndugu wa kila mtu, hakuna aliyeuliza zaidi. Nilipokwenda Newala nilidhani nimeiacha ile malaria bondeni. Hewa ya uwandani, huko juu Newala, ni ya baridi, ukungu unaingia mpaka ndani asubuhi, na niliamini mtu anaweza kuanza upya mahali ambapo hata mashati yake hayajulikani. Lakini usingizi ulikuwa umebaki huko huko ulikobaki. Usiku nilitembea chumbani, kutoka dirishani hadi mlangoni, nikirudia mazungumzo ya mchana na kuyasahihisha.

Mchana kulikuwa na Mama Somoe. Sijapata kukutana na mwanamke mwenye maneno kama yule. Nilikula kwake, hayo ndiyo yalikuwa makubaliano, na kila mlo ulikuja na hotuba. Nikishinda naipekua mboga kwenye sahani alisema, "Mwalimu, hiyo mboga unaila au unaisahihisha?" Nikimwamkia shikamoo mama, aliitikia marahaba, kisha akaniuliza kwa nini shikamoo yangu nyembamba, au watu wa misheni wanaitoa kwa kipimo. Nimekulia kwenye nyumba za misheni upande wa Chidya, na kwake hilo lilikuwa kisima cha vichekesho kisichokauka. Alinifundisha kula kisamvu kilichotwangiwa korosho. Alinifundisha kunawa mikono yote miwili kwa kikombe kimoja cha maji, kwa sababu maji ya Newala wakati wa kiangazi yalipanda kutoka bondeni kwa nguvu za watu, na pipa la mvua la nyumba ile lilikuwa na kifuniko na kufuli. Nilimpenda kabla sijampenda binti yake. Nadhani hilo ndilo lililoifanya adhabu iwe kali.

Somoe alikuwa amemaliza kidato cha nne, akaolewa, akaachika. Mume alikwenda Dar es Salaam kutafuta maisha na akarudi mara moja tu, kuchukua redio. Hivyo ndivyo alivyonisimulia ndoa yake yote, na hakuongeza. Yeye aliuza mitumba sokoni. Mitumba ilikuwa ndiyo kwanza imeruhusiwa kuingia kwa wingi, na watu waliovaa kaniki miaka yote walianza kuonekana kwenye mikorosho wakiwa na makoti ya sufu yenye vifungo vya dhahabu. Alikuwa anashuka Masasi kufuata marobota, anarudi amekaa juu ya mzigo kwenye lori, uso wote vumbi, anaimba. Jioni baada ya vipindi nilikwenda kibandani kwake kumsaidia kuchambua. Mchezo wetu ulikuwa kubahatisha wenye nguo. Nikiokota koti lenye kitambaa mfukoni, nilianza: huyu bwana alikuwa na mafua, hakupona, ndiyo maana nguo haikufuliwa, mjane hakutaka kuliona tena.

"Au alinenepa," Somoe alisema.

"Mbona kitambaa kimebaki mfukoni?"

"Kwa sababu alinenepa na ni mchafu. Kunja hilo, weka kule."

Sikuwa nimewahi kukaa na mtu ambaye kwake koti lilikuwa koti. Nikiwa karibu naye ile mashine iliyo kichwani ilipunguza mwendo. Tulikuwa tunatembea hadi kwenye ukingo, pale ardhi inapokatika na bonde la Ruvuma linaonekana chini likiwa buluu, na upande wa pili ni Msumbiji, na anasema, "Ona," na mimi naona, bila kuuliza maana yake. Kufikia mwezi wa Juni mji wote ulikuwa unajua habari zetu, isipokuwa sisi wenyewe tulikuwa hatujaambiana. Tulipoambiana, mwezi wa Julai, nyuma ya kibanda, yeye amekaa juu ya robota, kilichofuata kwangu hakikuwa furaha. Kilikuwa hesabu. Yeye Mwislamu, mimi Mwanglikana. Yeye ameachwa mara moja, mimi nimelazwa mara moja. Na kati ya hayo manne lilikuwapo moja ambalo yeye halijui. Nilikaa nalo siku kadhaa mpaka chakula kikanikataa, halafu nikamwambia lote, viatu vya bwenini na vidonge na malaria ya uongo.

Hakuacha kukunja nguo. "Na sasa je?" aliuliza.

"Sasa silali vizuri. Basi."

"Unaona viatu vinasema?"

"Hapana. Lakini naviangalia."

Alifikiri. "Mimi nilikuwa na mume anayelala fofofo," alisema. "Haikunisaidia."

Nikamwomba asimwambie mama yake. Alinitazama kwa jicho ambalo nimelitafsiri kwa namna nyingi tangu siku ile. "Mama yangu nitamwambia yangu," alisema. "Yako ni yako." Mtu mwingine angetulia kwa jibu hilo. Mimi nililibeba hadi chumbani, nikaligeuza usiku kucha. Yangu yanaishia wapi na yako yanaanzia wapi, kwa watu wawili wanaotaka kuoana?

Siku chache baadaye alikuja Mjomba Issa, kaka wa Mama Somoe. Kule kwa watu wa uwandani mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno, hilo nililijua. Alikuja kwa baiskeli kutoka kijijini, mzee mwembamba mwenye kofia nyeupe, aliyefanya kazi kwenye mkonge Tanga ujana wake wote, akarudi na Kiswahili kingi kuliko Chimakonde. Aliketi nami barazani mchana mzima. Aliniuliza kama shule inalipa, akacheka kabla sijajibu. Aliniuliza kama kwetu misheni tunajua kupalilia.

"Tunajua, mzee."

"Ukipewa panga, unalishika wapi?"

"Kwenye mpini."

"Eee, huyu kasoma," alimwambia dada yake, na Mama Somoe alicheka mpaka akajipangusa macho kwa kanga.

Jioni hiyo nikachukua ndoo kwenda kuoga. Ndipo aliponiambia nisimalize maji. Bafu lilikuwa uani, uzio wa matete usio na paa, umeegemea ukuta wa jiko, na jikoni ndiko kaka na dada walikohamia kuota moto. Nilikuwa nimejipaka sabuni kichwani nilipomsikia Mjomba akiuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia ng'ombe wa kununua, "Na huyu kijana ana dosari gani?"

"Halali," akasema Mama Somoe.

"Halali vipi?"

"Halali. Anatembea chumbani mpaka kunakucha. Wakati mwingine anaongea peke yake."

Mjomba alikohoa. "Tangu lini?"

"Tangu aje."

Nilijua kwamba kinachofuata ndiyo hukumu, na nilijua siwezi kuisikia nikiwa uchi na povu machoni. Basi nikainua ndoo nzima nikajimiminia kichwani, maji yote, ili masikio yajae. Yalipokwisha kutiririka, walikuwa wanaongea juu ya salfa.

Kuanzia kesho yake Mama Somoe hakunisemesha tena. Asubuhi nilimwamkia kutoka mlangoni kwangu. Alijifunika kanga uso, akageuka ukutani, akaingia jikoni. Nilidhani hakusikia. Mchana nilimkuta njiani anatoka shambani na wanawake wenzake. Alipoona ni mimi alitoka njiani kabisa, akaingia kwenye mikorosho, akasimama amenipa mgongo mpaka nikapita, na wale wanawake wakawa wanacheka chini chini. Jioni hakuniita mezani. Nilisikia ukuta unagongwa, nikafungua mlango, nikakuta sinia limewekwa juu ya kigoda, limefunikwa kawa, na yeye hayupo. Ikawa hivyo kila siku. Kubwa kuliko yote, alianza kusema na kuku. Alisimama uani, mimi niko chumbani, akasema kwa sauti ya juu: "We kuku, kuna watu wameacha nguo nje na ukungu unakuja." Au: "Kuku wewe, hao walioko ndani kama wanataka uji, upo." Kwa yule aliyekuwa akinitania uso kwa uso, sasa kuku alikuwa na heshima kuliko mimi. Nilikula chakula chake nikiwa nimekaa kitandani, kwa aibu, kila punje ikipita kama changarawe.

Niliyaunganisha yote kwa muda mfupi mno. Somoe amesema. Mama amesikia kwamba mpangaji wake ni mwendawazimu, amethibitisha kwa kusikiliza nyayo zangu, amemwita kaka yake, wamekata shauri, na kwa kuwa ni mwanamke mwenye adabu hanifukuzi, ananisubiri niondoke mwenyewe. Kila kitu kiliingia mahali pake. Hiyo ndiyo ladha ya ugonjwa wangu ambayo watu wenye afya hawaijui: hakuna kinachobaki nje, kila kitu kinaingia mahali pake.

Nilimfuata Somoe sokoni. Alikuwa amefurahi siku ile, alikuwa na jambo la kuniambia, naona sasa. Alianza, "Mama amekwisha—" nami nikamkata. Nilimwambia nimeshaona alichofanya Mama, na namshukuru yeye kwa kutunza siri. Alisimama na shati la mtoto mkononi.

"Siri gani?"

"Unaijua."

"Klementi, siri gani niliyoitoa?"

"Mama yako anaongea na kuku, Somoe."

Nilitegemea aone aibu. Uso wake ulichanua kwanza, kama mtu anayetaka kucheka, kisha aliona uso wangu na kicheko kikakauka. Nadhani alisoma pale kwamba sikuja na swali. Nilikuja na jibu. "Wewe umeshaamua," alisema taratibu. "Mwenzako naye aliamua hivi hivi, akaja kuchukua redio." Aligeuka akaendelea kutundika nguo. Likizo fupi ya Septemba ilipoanza nilipanda lori la mnunuzi mmoja wa korosho aliyekuwa anashuka Masasi. Sanduku langu la bati nilikuwa nalo. Nilipopita uani Mama Somoe alikuwa anapepeta. Aligeukia ukuta.

Wiki za Masasi sizikumbuki kwa mpangilio. Nakumbuka chumba cha ndugu yangu chenye pazia la maua, na majabali dirishani, na kwamba niliacha kutembea usiku kwa sababu nilikuwa sisimami kabisa. Nakumbuka uji unapoa na kutengeneza ngozi juu. Likizo iliisha, sikurudi shuleni. Mwishowe ndugu yangu alinipakia kwenye basi la kwenda Ndanda, hospitali ya misheni, na huko nikapangwa kumwona tabibu mmoja mtu mzima, Mmakua mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye chumba chake kilitazama barabara kuu. Alinisikiliza kwa muda mrefu. Nilimweleza maana ya kila kitu. Nilipomaliza akavua miwani.

"Sasa nieleze tena," alisema. "Lakini safari hii niambie ulichokiona tu. Maana yake niachie."

Ni jambo gumu kuliko linavyosikika. Kila sentensi nilianza, nikasimama, nikafuta. Alisubiri. Lori likapita nje, likafuatwa na jingine. Nikasema: hakuniitikia. Aligeuka ukutani. Alinipisha njia. Aliacha chakula mlangoni.

"Chakula gani?"

Swali lilinishangaza. "Wali. Siku ya kwanza wali na kuku."

"Kuku kipande gani?"

Nikafikiri. Nikaliona lile sinia, moshi unatoka chini ya kawa. "Paja. Na firigisi juu."

"Firigisi alikupa wewe."

"Ndiyo."

"Na akihitaji kukwambia jambo, anafanyaje?"

"Anamwambia kuku."

Yule mzee alicheka kwa pua, akajizuia, akashindwa. "Wa kwangu alikuwa anamtuma mbuzi," alisema. "Kijana, nyinyi wa misheni mlilelewa na nani? Hujapata kuona mtu na mama mkwe wake?" Nikamwambia kwetu mama mkwe wa kaka yangu hukaa naye benchi moja kanisani, wanaimba kitabu kimoja. Alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za ajali. Kisha akanieleza, polepole, kama anavyoelezwa mtu namna ya kunywa dawa: mwanamke wa kwetu huku akiwa hana neno nawe, atakutania mpaka kesho. Siku anayokupa mwanawe, anaona haya mbele yako. Hakutazami, hali chakula mbele yako, hakuiti jina. "Hukukataliwa," alisema. "Umeozeshwa, ukatoroka harusini."

Nilitaka kucheka naye. Badala yake nililia, na hakunizuia. Baadaye aliniandikia vidonge, maana usingizi haukuwa habari ya ukwe, na akanionya kwamba nisidhani nimepona kwa kuwa nimekosea mara hii. Siku nyingine, alisema, utaona kitu na utakuwa umeona sawa. Ila anza na sinia. Uliza kwanza kuna nini kwenye sinia.

Nilirudi Newala mwezi wa Oktoba. Korosho zilikuwa zinaanguka, mji mzima unanuka mabibo ya mikorosho yaliyoiva kupita kiasi, na kila njia wanunuzi wametundika mizani chini ya mabanda mapya ya mabati. Somoe alikuwa kibandani. Aliniona nikija kutoka mbali na hakuacha kukung'uta sketi aliyoishika.

"Unanunua?"

"Nimekuja kwako."

"Panga foleni." Hapakuwa na mtu mwingine. Nikapanga. Nilisimama juani mpaka shati likashikana na mgongo, na wauza nyanya wa jirani wakaanza kuulizana kama mwalimu amerogwa. Mwisho akasema, bila kunitazama, "Mama hajakukasirikia. Mama anasema umekwenda kusalimia kwenu. Mimi ndiye niliyekukasirikia."

"Najua."

"Hujui. Unadhani nimekasirika kwa sababu ya siri. Sikusema siri yako. Mama amekusikia mwenyewe, ana masikio, kuta zile unaziona." Aliikunja sketi mara mbili, akaikunjua. "Nimekasirika kwa sababu uliondoka ukiwa umeshamaliza kuongea na mimi kichwani mwako. Mimi nilikuwa bado sijasema kitu. Huko kichwani mwako nilijibu nini?"

Nilinyoosha mkono niipokee ile sketi, hakunipa.

"Ukitaka kuondoka, ondoka," alisema. "Lakini uje kwanza uniambie mimi, huyu wa nje. Hilo tu. Usiku silali na mtu anayezungumza na Somoe mwingine."

Nilimwambia sawa. Alisema sawa ni neno la wanafunzi. Basi nikarudia maneno yake yote, moja moja, na ndipo aliponitupia sketi niikunje.

Jioni nilikwenda kwa mama yake. Chumba changu kilikuwa kimefagiwa, kitanda kimetandikwa. Niliketi kizingitini, nimeligeuzia jiko ubavu ili nisimtazame. Ndani ya jiko kinu kilikuwa kinalia. Kikaacha. Kuku mmoja mwekundu alikuwa anadonoa karibu na mguu wangu.

"We kuku," ikasema sauti ya Mama Somoe. "Mimi nilimwambia kaka yangu siku ile. Aliniuliza dosari, nikamwambia halali. Akaniuliza, sasa dada, mtu asiyelala ni wa nini? Nikamwambia, nyumba yenye mtu asiyelala haiibiwi." Kinu kilipigwa mara moja. "Sasa korosho zimeanguka, wezi wamejaa, mlinzi mwenyewe katoroka. Haya, kuku, niambie, mimi mjane nifanye nini?"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno niliyoyazamisha kwa ndoo nzima ya maji. Alikuwa amejua tangu Januari. Alikuwa amehesabu hatua zangu usiku, upande wa pili wa ukuta usiofika juu, na asubuhi akanitania juu ya kisamvu. Nilimtazama yule kuku.

"Kuku," nikasema, "mwambie mwenye nyumba mlinzi amerudi. Mwambie samahani ya maji."

Kutoka jikoni nikasikia kitu ambacho kilikuwa kicheko kilichofunikwa kanga, kisha kinu kikaendelea. Nilipalilia na kuokota korosho zake msimu ule wote, kila nilipotoka darasani, yeye safu ya mbali na mimi safu ya mbali, na Somoe katikati akitupitishia kikapu. Ndoa tulifunga bomani, kwa mkuu wa wilaya, kwa sababu sheikh alikuwa na masharti yake na padri naye alikuwa na yake. Mjomba Issa alisaini. Mama Somoe alibaki nje ya mlango, chini ya dirisha, amejifunika.

Sitaki kusema kwamba nilipona. Imetokea miaka ambayo nimeona viatu vinataka kusema, na kuna mara mbili nimerudi Ndanda, na yule tabibu hakuwapo tena. Kila mara nilikwenda kwanza kwa Somoe wa nje, nikamwambia. Mara nyingine alichoka. Mara moja aliniambia anatamani mume anayelala fofofo, na nilimwelewa, na tulikula kimya usiku huo, lakini aliniwekea firigisi.

Tulimzika Mama Somoe wiki iliyopita, alasiri. Kule wakwe ndio wanaochimba, na ingawa nina mgongo mbovu nilishuka kaburini nikashika sululu kwenye mpini, kama nilivyosema barazani zamani. Tulipomaliza nilipita nyuma ya nyumba kunawa. Pipa la mvua bado lipo, kufuli imeota kutu ikiwa wazi. Nilichota kikombe kimoja, nikanawa mikono yote miwili, nikasimama pale uani, jiko likiwa halina moshi. Nilikuwa na jambo la kumwambia, fupi, nilikuwa nimelitengeneza njia nzima kutoka Masasi. Nikatafuta kwa macho kwenye uzio, chini ya kinu, nyuma ya stoo ya salfa. Manyoya tu yalikuwa yametawanyika karibu na jiko. Kuku wote walikuwa wamechinjwa kwa ajili ya wageni wa matanga, na sikuwa na wa kumtuma.